MGB yenye kabureta mbili za SU: kutafuta chanzo cha moshi, sailensa isiyotulia na mvuke wa oili

Mwenye MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, akisikia injini inatetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa gari likiwa limesimama, mkono wake huenda kwanza kwenye nati ya jeti (kitundu kinachopima petroli) iliyo chini ya kabureta. Ni mahali rahisi kufikika, panahitaji spana moja tu, na kila anayeizungusha nati hiyo husikia sauti ya injini ikibadilika papo hapo, kwa hiyo huamini kwamba amegusa ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana kabureta nyingi za SU zinazopelekwa gereji kwa madai kwamba zimekufa huwa nzima kabisa. Zimezungushwa tu mara nyingi, na watu wengi, ili kufidia hitilafu iliyokuwa mahali pengine.

Maelezo haya yanahusu MGB yenye injini ya B-Series ya cc 1798, gari lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1962 na 1980, na hasa yale matoleo ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yenye kabureta mbili za SU HS4, ambamo mvuke wa oili kutoka kasha la krenki, sehemu ya chini ya injini, huvutwa moja kwa moja kupitia kabureta zenyewe. Katika injini hizo, upumuaji wa kasha la krenki na mchanganyiko wa petroli na hewa ni jambo moja lenye milango miwili. Anayerekebisha kabureta bila kuthibitisha kwanza kwamba injini inapumua vizuri anapima kwa mizani ambayo hajaisawazisha.

Njia ya hewa na mvuke

Hata injini yenye afya huruhusu gesi kidogo kupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye kasha la krenki. Gesi hiyo hubeba mvuke wa maji, petroli isiyoungua na ukungu wa oili. Isipotolewa, hujenga shinikizo ndani ya kasha, huichafua oili na kuisukuma nje kupitia kila sili na kila gasketi iliyo dhaifu. MGB za mwanzo ziliitoa kwa njia mbili: hosi kutoka kifuniko cha valvu hadi kwenye kichujio cha hewa cha mbele, na bomba lililoning'inia chini ya gari na kumwaga mvuke barabarani. Kuanzia 1964 ilifungwa valvu ya Smiths yenye umbo la uyoga juu ya manifoldi ya kuingiza hewa. Ndani yake mna kiwambo cha mpira na springi vinavyodhibiti kiasi cha mvuke kinachovutwa. Mwishoni mwa muongo huo valvu hiyo iliondolewa, na kila kabureta ikapewa kitundu cha kupokea hosi ya mvuke.

Katika mpangilio huo wa mwisho, hewa safi huingia kupitia kifuniko cha kujazia oili, ambacho kina kichujio na kitundu chembamba cha kupunguza kasi yake. Hushuka kwenye matundu ya fito za kusukuma valvu, ikaingia kasha la krenki, ikachanganyika na gesi iliyopenya ringi, kisha ikatoka kupitia kifuniko cha mbele cha ubavuni, ambacho kimeunganishwa na mkebe wenye wavu wa waya wa kuzuia matone ya oili. Kutoka hapo hosi hupanda, hugawanyika mara mbili na kuingia kila kabureta katika nafasi iliyo kati ya pistoni ya kabureta na kipepeo cha throto. Nafasi hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Pistoni ya SU hupanda na kushuka kulingana na hewa inayopita, hivyo mvuto ulio nyuma yake ni mdogo na karibu haubadiliki, injini iwe inatulia au inakimbia. Kasha la krenki linapata mvuto mpole wa kudumu bila kuhitaji valvu ya ziada.

Hapo ndipo kiini cha matatizo mengi kilipo. Mvuke huo huingia baada ya jeti kwisha kupima petroli, kwa hiyo ni hewa ambayo kabureta haikuihesabu. Ikizidi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli ni kidogo mno. Ikipungua, unakuwa mzito, yaani petroli ni nyingi mno. Gasketi ya kifuniko cha valvu iliyokatika, kijiti cha kupimia oili kisichokaa sawasawa, au kifuniko cha kujazia oili cha gari jingine chenye tundu kubwa, vyote huingiza hewa ambayo mwishowe hufika kwenye kabureta kwa njia ndefu. Fundi anaweza kutafuta uvujaji kwenye manifoldi siku nzima asiupate, kwa sababu uko juu ya injini mbele ya macho yake.

Mambo ya kuthibitisha kabla ya kabureta

Nafasi ya valvu, yaani pengo kati ya roka na shina la valvu, katika injini hii ni milimita 0.38, yaani elfu 15 za inchi, injini ikiwa baridi. Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi, kwa sababu kichwa cha chuma cha injini hizi kilitegemea risasi iliyokuwamo katika petroli kulinda siti za valvu za kutolea moshi. Risasi hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na kichwa ambacho hakijawekewa siti ngumu huruhusu valvu kuzama kidogo kidogo, nafasi ikapungua hadi valvu ikashindwa kufunga. Injini inamisi kwenye sailensa, na kabureta inasingiziwa.

Nafasi ya pointi za distributa iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, na ya plagi iwe karibu milimita 0.64. Angalia kwamba vizito vya distributa vinasogeza taimingi mbele kadiri mwendo unavyoongezeka, na kwamba kiwambo cha mvuto cha distributa hakijatoboka: toa kifuniko cha distributa, vuta hewa kwa mdomo kupitia bomba lake, uone kama bamba la pointi linasogea na kubaki hapo ulimi ukiziba bomba. Kiwambo kilichotoboka huharibu taimingi na wakati huohuo huingiza hewa kwenye kabureta au manifoldi inapounganishwa, hivyo ni hitilafu moja yenye dalili za magonjwa mawili.

Pima pia kompresheni injini ikiwa na joto, plagi zote zimetolewa na throto imekanyagwa hadi mwisho. Kinachotafutwa ni usawa wa silinda nne zaidi ya tarakimu yenyewe. Silinda iliyo chini kwa dhahiri ipewe kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha ipimwe tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya kichwa. Matokeo haya yaandikwe, kwa sababu yatahitajika tutakapofika kwenye moshi wa buluu.

Sailensa haitulii, au nati ya jeti haileti mabadiliko ya maana

Anza na upumuaji. Injini ikiwa na joto na inatulia, fungua kifuniko cha kujazia oili. Katika gari zima, sauti ya injini hubadilika mara moja na kutetereka, kwa sababu hewa nyingi imepewa njia ya wazi kuelekea kabureta. Funika tundu hilo kwa kipande chepesi cha plastiki: kinapaswa kuvutwa ndani kwa upole. Kikipeperushwa juu, kasha lina shinikizo, ama kwa sababu njia ya kutoka imeziba, ama kwa sababu gesi inayopita kwenye ringi ni nyingi kuliko inayoweza kuvutwa. Kikikaa tu bila kuvutwa wala kusukumwa, na sauti haikubadilika ulipofungua kifuniko, shuku hosi iliyopondeka ndani, vitundu vya kabureta vilivyoziba kwa kaboni, au wavu wa mkebe uliojaa tope. Kwa gari lenye valvu ya Smiths, kipimo ni hichohicho: mwendo hupanda kidogo, takriban mizunguko 200 kwa dakika, kifuniko kinapotolewa. Usipobadilika, valvu hiyo ifunguliwe, isafishwe, na kiwambo chake kiangaliwe dhidi ya mwanga.

Upumuaji ukiwa sawa, nenda kwenye uvujaji halisi wa hewa. Mahali panapochoka zaidi katika SU ni spindeli ya kipepeo. Shika mkono wa throto na uusukume juu na chini. Ukihisi unacheza, hewa inaingia pembeni mwa spindeli, na kiasi chake hubadilika kila throto inapofungwa, ndiyo maana sailensa hurudi mahali tofauti kila unapoachia mguu. Hakuna rekebisho la nati linaloweza kutibu hilo; spindeli na bushi zake zibadilishwe. Baada ya hapo angalia gasketi za pande zote mbili za kinga ya joto iliyo kati ya kabureta na manifoldi, hosi ya sevo ya breki kama gari linayo, na kiungo cha manifoldi na kichwa cha injini. Baadhi ya mafundi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye viungo hivi ili kusikia mwendo ukibadilika. Sishauri hata kidogo. Katika injini hii manifoldi ya kuingiza na ya kutolea moshi ziko upande mmoja, moja juu ya nyingine, na dawa hiyo huwaka. Maji kidogo kutoka chupa ya kupuliza hutoa jibu lilelile: mwendo ukibadilika pale maji yanapogusa kiungo, hapo ndipo hewa inapoingia.

Moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi zenye masizi makavu

Hii ni dalili ya mchanganyiko mzito. Chanzo cha kawaida ni choki isiyorudi hadi mwisho. Katika HS4 choki haizibi hewa, bali hushusha jeti ili nafasi kati yake na sindano ya pistoni inayoingia ndani yake iongezeke. Waya wa choki ukiwa umekaza, au jeti ikiwa ngumu kwenye bushi yake, jeti hubaki chini milimita moja au mbili na gari hunywa petroli bila huruma. Sukuma kila jeti juu kwa kidole. Ikipanda, umepata jibu.

La pili ni usawa wa petroli kwenye bakuli la boya. Pampu ya umeme ya SU, iliyo nyuma ya gari, ni chombo kizuri cha uchunguzi kwa anayeisikiliza. Washa swichi bila kuwasha injini: pampu hugonga haraka, hupunguza, kisha hunyamaza. Ikiendelea kugonga, petroli inakwenda mahali fulani, na mara nyingi ni kupitia sindano ya boya isiyofunga kwa sababu ya uchafu au uchakavu. Boya lililoingiwa na petroli huzama na kuleta matokeo yaleyale; litikise karibu na sikio. Ukigeuza mfuniko wa bakuli juu chini, nafasi kati ya mkono wa boya na ukingo wa mfuniko iwe kati ya milimita 3 na 5. Petroli inayofurika kwenye bakuli hutoka kwa bomba la kumwagia karibu na manifoldi ya moto, kwa hiyo kasoro hii isiahirishwe.

Kuna chanzo cha tatu ambacho husahaulika, nacho kinarudi kwenye mvuke. Petroli iliyofurika huingia kwenye silinda, huosha ukuta wake na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Safari fupi nyingi huku choki imevutwa hufanya vivyo hivyo. Injini inapopata joto, petroli hiyo hugeuka mvuke, hupanda kwenye mkebe wa ubavuni na kuvutwa ndani ya kabureta, ikiongezea mchanganyiko uzito ambao hakuna nati inayoueleza. Gari huwa zuri likiwa baridi na zito likiwa na joto, yaani kinyume cha matarajio. Toa kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Kikinuka petroli, au oili ikionekana kuongezeka badala ya kupungua, rekebisha boya au choki, badilisha oili na kichujio chake, ndipo upime upya. Kupunguza mchanganyiko kabla ya kubadilisha oili ni kuharibu rekebisho: petroli iliyo kwenye sampu itakapokwisha, injini itabaki nyepesi mno.

Mwisho, sindano na jeti huchakaa zinaposuguana. Nyanyua pistoni ya kabureta kwa mkono na uiachie. Lazima ianguke kwa uhuru na kugonga daraja, sehemu iliyoinuka chini yake penye jeti, kwa sauti dhahiri. Ikianguka bila sauti hiyo, ama sindano inagusa jeti, ama chemba ya juu ni chafu. Matoleo yenye sindano isiyocheza yanahitaji jeti isogezwe hadi ikae katikati. Yenye sindano inayoegemezwa na springi, yaliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1960, hayahitaji kazi hiyo.

Moshi wa buluu, na oili kwenye koo la kabureta

Hapa haraka hugharimu fedha nyingi, kwa sababu wengi hufungua injini nzima wakati kilichohitajika ni kusafisha mkebe mmoja. Tazama moshi unatoka lini. Ukitoka kwa wingi pale unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu mguu ukiwa juu, oili inapita kwenye miongozo (gaidi) na sili za valvu. Ukitoka kila injini inapobeba mzigo, ringi ndizo za kushukiwa, na karatasi ya kompresheni itathibitisha. Ukitoka mwembamba wakati wote, na ndani ya koo la kabureta kuna oili mbichi inayong'aa, kwanza shuku upumuaji.

Jaribio ni rahisi. Ondoa hosi ya mvuke kwenye kabureta zote mbili, ziba vitundu vyake kwa vifuniko vya mpira, na uelekeze hosi kwenye chupa iliyofungwa mahali salama, mbali na feni na manifoldi. Endesha gari kwa umbali wa kutosha kulipasha joto. Moshi ukitoweka, oili ilikuwa ikifika kwa njia ya mvuke. Ukibaki vilevile, nenda kwenye valvu na ringi. Chupa nayo inasema jambo: unyevu na matone machache ni kawaida, lakini oili inayojaza chini ya chupa katika safari moja ina maana kwamba wavu hauzuii kitu, au sampu imejazwa kupita alama ya juu, au gesi inayopenya ringi ni nyingi kiasi cha kubeba oili pamoja nayo. Sauti ya pumzi nzito zinazotoka kwenye hosi kwa mapigo ni ushahidi wa hilo la mwisho.

Mkebe wa ubavuni haufunguki. Utoe pamoja na kifuniko chake, uuloweke usiku mzima kwenye mafuta ya taa, uutikise, uumwage, urudie hadi kinachotoka kiwe safi, kisha uupulize kwa hewa na kuuacha ukauke kabisa. Weka gasketi mpya wakati wa kuurudisha, wala usikaze bolti yake kupita kiasi, kwa sababu bati hupinda na kuanza kuvuja.

Wapo wanaopendekeza kuacha hosi kwenye chupa daima, kwa hoja kwamba kabureta zitabaki safi. Kabureta zitabaki safi kweli, lakini kasha la krenki litapoteza mvuto wake. Hewa safi haitapita tena, maji na petroli vitabaki ndani ya oili, na sili zitaanza kuvuja. Chombo cha kukusanyia oili kina maana tu kikifungwa katikati ya njia, kikiwa hakina tundu la nje, ili mvuto wa kabureta uendelee kufika kwenye kasha.

Oili inavuja kila upande

Kabla ya kununua sili, rudia kipimo cha plastiki kwenye tundu la kujazia oili, safari hii ukiongeza mwendo hadi mizunguko 2,500. Kasha lenye shinikizo husukuma oili kupitia sili ya mbele, vifuniko vya ubavuni, kijiti cha kupimia, na nyuma ya krenki hadi klachi. Nyuma hapo, injini za mwanzo zenye beringi kuu tatu hazina sili ya mpira bali mfereji wa mzunguko unaorudisha oili ndani, na mfereji huo unategemea kasha lisiwe na shinikizo. Sili mpya kwenye injini isiyopumua itavuja kama ile ya zamani.

Uji wa manjano chini ya kifuniko cha oili

Uji huu huwatisha watu, wakidhani gasketi ya kichwa imekufa. Kama maji ya rejeta hayapungui na oili kwenye kijiti ni safi, huo ni unyevu tu uliokutana na oili kwenye bati baridi. Safari ndefu ya kuipasha injini ipasavyo hulitatua. Ukirudi haraka, kichujio kilicho ndani ya kifuniko kimeziba au kifuniko hakipitishi hewa kabisa, hivyo hakuna kinachosafisha kasha. Kifuniko kibadilishwe kizima, na kiwe cha aina iliyokusudiwa kwa mwaka wa gari hilo. Matoleo ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 huvuta hewa safi kupitia mkebe wa makaa na bomba jembamba kwenye kifuniko cha valvu, na hayo hutumia kifuniko cha oili kisicho na tundu.

Injini inasita unapokanyaga

Fungua dampa iliyo juu ya kila kabureta. Oili yake huifanya pistoni ipande polepole throto inapofunguliwa ghafla, ili mvuto kwenye jeti uongezeke na petroli ifike kwa wakati. Bila oili hiyo pistoni huruka, mchanganyiko unakuwa mwepesi kwa nukta moja, na injini inakohoa. Jaza oili ya SAE 20 hadi milimita 13 juu ya ukingo wa fito ya pistoni yenye shimo. Dampa ikiwa sawa na kusita kukiendelea, rudi kwenye taimingi.

Kurekebisha kabureta zenyewe

Sasa nati za jeti zinaweza kuguswa, zikiwa za mwisho katika mlolongo. Fanya kazi hii nje au penye hewa, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksaidi, na gari liwe na joto lake la kawaida, hosi zote za mvuke zikiwa zimeunganishwa na kifuniko cha oili kimefungwa. Anayerekebisha huku hosi imening'inia ataona mchanganyiko ukibadilika mara tu atakapoirudisha.

Kama historia ya kabureta haijulikani, anza upya: toa vichujio vya hewa, pandisha kila jeti hadi ilingane na daraja, kisha ishushe kwa mizunguko miwili kamili, yaani pande kumi na mbili za nati. Legeza vibano vinavyounganisha spindeli mbili ili kila kabureta ijitegemee. Washa injini, weka skrubu za throto zote mbili sawa, na usikilize mdomo wa kila kabureta kwa kipande cha hosi kilichowekwa sikioni. Sauti ya hewa inapolingana pande zote mbili, kabureta zinavuta sawa. Kifaa cha kupimia mtiririko ni kizuri, lakini sikio lililozoea halipishani nacho sana.

Ndipo uende kwenye mchanganyiko. Nyanyua pistoni ya kabureta moja kwa pini yake iliyo chini, kwa takriban milimita 0.8 tu, na usikilize. Mwendo ukipanda na kubaki juu, kabureta hiyo ni nzito: zungusha nati ili jeti ipande. Ukishuka mara moja au injini ikataka kuzima, ni nyepesi: ishushe jeti. Ukipanda kidogo kwa nukta moja kisha ukarudi ulipokuwa, umefika. Zungusha upande mmoja wa nati kwa wakati, ongeza mwendo kwa muda mfupi kusafisha manifoldi, kisha pima tena. Kila badiliko la kabureta moja huigusa nyingine, kwa hiyo nenda na kurudi hadi zote mbili zitoe jibu moja, urudie kusikiliza hewa, ukaze vibano, uweke sailensa kati ya mizunguko 750 na 800, na uhakikishe throto zote mbili zinaanza kufunguka pamoja.

Mahali unapofanyia kazi hii pana uzito. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, wakati petroli inayotoka kwenye jeti haipungui kwa kiasi hichohicho. Gari lililorekebishwa vizuri pwani litakuwa zito likifika bara, na lililorekebishwa Nairobi litakuwa jepesi likishuka Mombasa. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ni baya zaidi, kwa sababu mchanganyiko mwepesi kwenye barabara ndefu ya joto huunguza valvu. Anayekusudia kushuka ashushe kila jeti upande mmoja au miwili ya nati kabla ya safari, kisha apime kwa pini akifika.

Injini inaendelea kugeuka baada ya kuzimwa

Mara nyingi sailensa imewekwa juu mno ili kuficha mchanganyiko mwepesi, na throto iliyo wazi kidogo huruhusu petroli kuendelea kuingia na kuwashwa na kaboni yenye joto ndani ya silinda. Tafuta hewa ya ziada kwa mpangilio uleule, kuanzia kifuniko cha oili, kisha ushushe sailensa. Ikiwa oili imekuwa ikiingia kwa njia ya mvuke kwa muda mrefu, kaboni iliyojengeka juu ya pistoni itaendelea kuleta tabia hiyo hata baada ya kila kitu kurekebishwa, na hapo kichwa cha injini hakina budi kufunguliwa na kusafishwa.